Neno "Askofu": Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila neno hili linapozua mjadala, iwe ni kwenye darasa la katekisimu, kwenye meza ya mhariri au baada ya ibada ya kusimikwa. Tumeanza na ya msingi, kisha Biblia, kisha maneno jirani, na mwisho yale yanayowakwaza hata wenye elimu. Ukikuta jambo limeguswa kidogo tu, ujue limeelezwa kwa kirefu kwenye swali lingine, na utaelekezwa huko.

## Maana na asili

Askofu ni nani?

Ni kiongozi wa kanisa aliyekabidhiwa kuangalia waumini na wachungaji wa eneo zima, si wa kanisa moja tu. Kwa Wakatoliki, Waorthodoksi na Waanglikana, daraja takatifu ni tatu: shemasi, kasisi na askofu. Askofu ndiye anayewapa wengine daraja hizo. Kasisi hawezi kumfanya mwenzake kasisi. Makanisa mengine hulitumia jina hili kwa namna tofauti, na mengine hayalitumii kabisa. Tazama sehemu ya mwisho.

Neno lenyewe maana yake nini?

Mwangalizi. Asili yake ni Kigiriki, *episkopos*: *epi* ni "juu ya", na *skopos* ni mtu anayetazama, mlinzi aliyekaa mahali pa kuona. Mzizi huohuo umo ndani ya *teleskopu*, jina la kigeni la darubini. Kwa hiyo katika neno lenyewe hamna ukubwa wala utakatifu wala enzi. Mna jicho.

Wala halikuzaliwa kanisani. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, dola ya Athens ilikuwa ikiwatuma maofisa walioitwa *episkopoi* kwenye miji iliyokuwa chini yake, wakasimamie mambo huko. Wayahudi walipotafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, nao walilitumia. Katika Hesabu 4:16 anayeitwa *episkopos* ni Eleazari mwana wa Haruni, na ukisoma amekabidhiwa nini utakuta mafuta ya taa, uvumba, sadaka ya unga ya kila siku, mafuta ya kutiwa, na maskani pamoja na vyombo vyake. Ni kazi ya mtu wa ghala na funguo. Wakristo wa kwanza walilikuta neno likiwa linatembea mitaani, wakalichukua.

Kwa hiyo ni neno la Kigiriki au la Kiarabu? Kamusi yangu inasema Kiarabu.

Kamusi yako haijakosea. Imetaja mlango wa mwisho tu. Chanzo ni Kigiriki, lakini Kiswahili kimelipokea likiwa limeshavaa sura ya Kiarabu: *usquf*. Kati ya Kigiriki na Kiarabu kulikuwa na Kisiria, lugha ya Kiaramu iliyotumiwa na makanisa ya Mashariki, ambako lilitamkwa karibu na *episqopa*.

Tazama lilivyopukutika njiani. Kiarabu hakina sauti *p*, kwa hiyo *p* ya mwisho ikawa *f*. Silabi ya mwanzo, *ep-*, ikaanguka na nafasi yake ikabaki irabu tu. Mkia wa Kigiriki, *-os*, ukakatwa. Kikabaki *usquf*. Kisha Kiswahili kikafanya kazi yake ya kawaida: *q* ya kooni ikawa *k*, *u* iliyokuwa jirani na *q* ikasikika kama *o*, irabu ya mwanzo ikawa *a*, na kwa kuwa hatupendi neno liishie kwa konsonanti, ikaongezwa *u* mwishoni, kama *kitab* ilivyokuwa *kitabu*. As-ko-fu.

Mbona halifanani hata kidogo na "bishop" wala "bispo"?

Ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba tofauti. Warumi walilichukua neno la Kigiriki wakaliita *episcopus*. Waingereza wakakata kichwa na mkia, kikabaki *bishop*. Wajerumani wana *Bischof*, Wareno *bispo*, Wahispania *obispo*, Waitaliano *vescovo*. Wafaransa ndio waliolichakaza kuliko wote: *évêque*. Ukiliweka hilo kando ya *askofu*, hakuna hata konsonanti moja inayoandikwa sawa, na bado ni neno moja.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba Wareno walikaa pwani yetu muda mrefu, wakatuachia *meza*, *leso* na *mvinyo*, na hata *padri*, ambalo ni *padre* lao, "baba". Lakini *bispo* halikushika. Mahali pake tuna neno la Kiarabu.

Je, askofu lina uhusiano na "kofia"?

Hapana, ingawa sikio linashawishika, na ile kofia ndefu ya kiaskofu inazidi kushawishi. *Kofia* nalo lina asili ya Kiarabu, lakini ni neno jingine kabisa.

Kuna mfanano mwingine ambao una historia ya kuvutia zaidi: *askofu* na *sakafu*. Kwa Kiarabu maneno haya mawili yana konsonanti zilezile tatu, *s-q-f*. *Saqf* kwao ni dari au paa. Wanakamusi wa kale wa Kiarabu, waliozoea kutafuta mzizi wa kila neno ndani ya lugha yao, walijaribu kulieleza *usquf* kwa mzizi huo wakilihusisha na mtu mrefu aliyeinama, yaani mwenye unyenyekevu. Maelezo mazuri, ila si asili yake. Mgeni alifika akiwa na konsonanti zinazofanana na za wenyeji, wakadhani ni wa ukoo.

Na maneno "kasisi" na "shemasi" yana asili gani?

Njia ileile: Kisiria, Kiarabu, Kiswahili. *Kasisi* ni *qissis* kwa Kiarabu, na limo hata katika Kurani, Sura ya 5 aya ya 82. Kwa Kisiria ni *qashisha*, maana yake "mzee". *Shemasi* ni *shammas*, kutoka Kisiria *shammasha*, "mtumishi".

Ziweke zote tatu pamoja kwa maana zake za asili: mwangalizi, mzee, mtumishi. Ukimsikia msomaji akitangaza kwa sauti nzito "askofu, makasisi na mashemasi", anachokitaja ni hicho tu. Maneno yakishakuwa ya kigeni huwa mazito kuliko kazi yaliyoitaja.

## Askofu katika Biblia na kanisa la mwanzo

Neno hili linatokea mara ngapi katika Agano Jipya?

*Episkopos* linatokea mara 5: Matendo 20:28, Wafilipi 1:1, 1 Timotheo 3:2, Tito 1:7 na 1 Petro 2:25. Kuna pia ndugu yake *episkope*, yaani kazi yenyewe ya uangalizi, ambalo ndilo lililo nyuma ya maneno "kazi ya askofu" katika 1 Timotheo 3:1.

Ukiacha hiyo "kazi ya askofu", katika Biblia yangu nimeona "askofu" mara 3 tu. Hizo nyingine ziko wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote hapa, kwa sababu jibu lake liko mikononi mwa kila mwenye Biblia. Fungua Union Version, ile ya zamani inayosomwa makanisani mengi. Wafilipi 1:1 utakuta "maaskofu na mashemasi". 1 Timotheo 3:2, "imempasa askofu awe mtu asiyelaumika". Tito 1:7, askofu tena. Sasa nenda Matendo 20:28, Paulo akiwaaga viongozi wa Efeso: Roho Mtakatifu amewaweka "kuwa waangalizi". Na 1 Petro 2:25: "mmemrudia Mchungaji na Mwangalizi wa roho zenu".

Kigiriki ni neno lilelile mahali pote patano. Watafsiri waliona panapotajwa cheo kanisani waandike *askofu*, na panapotajwa kutunza roho za watu waandike *mwangalizi*. Si kosa, hata King James ya Kiingereza iligawa, ingawa kwa 1 Petro ilimwita Kristo "Askofu wa roho zenu". Lakini uamuzi huo una gharama. Msomaji wa Kiswahili hapati nafasi ya kugundua kwamba Petro anamwita Yesu mwenyewe askofu, wala kwamba wale watu wa Efeso waliokuwa wakilia shingoni mwa Paulo walikuwa maaskofu. Kama unafundisha darasa, waandikie aya hizi tano ubaoni, kisha futa *askofu* uweke *mwangalizi* mahali pote. Wataona wenyewe.

Je, ni kweli kwamba mwanzoni askofu na mzee wa kanisa walikuwa mtu yuleyule?

Katika Agano Jipya, inaonekana hivyo. Matendo 20:17 inasema Paulo aliwaita "wazee wa kanisa". Aya ya 28, akizungumza na watu haohao, anawaita waangalizi. Tito anaambiwa aweke wazee katika kila mji (1:5), na sifa zinapotajwa mzee huyo anageuka kuwa askofu (1:7) bila hata nukta ya kueleza. Tena Wafilipi 1:1 inataja *maaskofu*, kwa wingi, katika mji mmoja.

Si hoja ya Waprotestanti peke yao. Jeromu, mtafsiri mkuu wa Biblia ya Kilatini, aliandika kwamba zamani hao walikuwa wamoja, na kwamba baadaye mmoja aliwekwa juu ya wengine ili kuzuia mafarakano.

Basi lini ikawa askofu mmoja kwa mji mmoja?

Mwanzoni mwa karne ya 2 Ignasi wa Antiokia, akiwa njiani kwenda kuuawa Roma, aliandika barua ambamo ngazi tatu tayari zinaonekana wazi: askofu mmoja, baraza la wazee, na mashemasi. Mpangilio huo ulienea polepole, si kwa siku moja wala kwa amri ya mtu mmoja. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, unaukuta umeshazoeleka na unashughulikia taratibu tu: kanuni ya 4 inataka askofu mpya awekwe na maaskofu wasiopungua watatu, na kanuni ya 15 inawakataza maaskofu kuhama mji mmoja kwenda mwingine. Kanuni ya watatu ingali hai. Ukihudhuria kuwekwa wakfu kwa askofu, hesabu wanaomwekea mikono kichwani.

"Mume wa mke mmoja" maana yake askofu lazima awe ameoa?

Makanisa yamejibu kwa njia tatu. Kanisa Katoliki la mapokeo ya Kilatini linataka askofu asiwe na mke, na linasoma aya hiyo kama kizuizi cha wake wengi au cha kuoa tena, si amri ya kuoa. Waorthodoksi huwaruhusu makasisi waliooa kabla ya daraja, lakini askofu huchaguliwa kutoka kwa watawa au wasio na mke. Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste wanao maaskofu waliooa, na wengi huona aya inasema wazi hivyo.

## Maneno jirani

"Jimbo" na "dayosisi" ni kitu kimoja?

Kikazi, ndiyo: eneo la askofu. Wakatoliki wanaozungumza Kiswahili husema *jimbo*, na *jimbo kuu* kwa la askofu mkuu. Waanglikana na Walutheri husema *dayosisi*. Ukiandika habari za kanisa fulani, tumia neno lao wenyewe, maana mwenyeji huusikia ugeni mara moja.

*Dayosisi* linatokana na Kigiriki *dioikesis*, uendeshaji wa nyumba. Dola ya Roma ililitumia kiserikali: Kaizari Dioklesiano, aliyetawala kuanzia 284 hadi 305, alikusanya mikoa yake katika dayosisi kubwakubwa, kila moja na ofisa wake. Kanisa likarithi neno pamoja na ramani.

Na "parokia"?

Hili lina uzuri wake. Kigiriki *paroikia* ni kukaa ugenini, kuishi kando ya nyumba ya wengine. 1 Petro 2:11 inapowaita waumini "wapitaji", ni neno la ukoo huo. Zamani lilitaja eneo zima la askofu, na baadaye likashuka hadi kuwa eneo la padri mmoja. Leo parokia ina ofisi, uzio na leja, na jina lake bado linasema "tunapita tu".

Kanisa kuu ni lile kubwa kuliko mengine?

Sivyo. Ni lile lenye kiti cha askofu. *Kathedra* kwa Kigiriki ni kiti, na *kathedrali* ni kanisa lenye kiti hicho, hata kama jirani yake kuna kanisa lenye ukubwa mara tatu. Mfano unaowashangaza wengi: Basilika la Mtakatifu Petro, pamoja na ukubwa wake, si kanisa kuu la Roma. Kiti cha askofu wa Roma kiko Basilika la Mtakatifu Yohane, Laterano.

Askofu mkuu, askofu msaidizi, mwandamizi, mstaafu: tofauti ni nini?

Wote ni maaskofu kamili. Kwa Wakatoliki, hakuna daraja takatifu juu ya uaskofu. Kinachobadilika ni wajibu. Askofu mkuu huongoza jimbo kuu, na kwa kawaida majimbo ya jirani humzunguka bila yeye kuyatawala moja kwa moja. Msaidizi humsaidia askofu wa jimbo. Mwandamizi pia husaidia, lakini ana haki ya kurithi kiti kikiwa wazi, na hapo ndipo watu huchanganya. Mstaafu ni aliyeachia madaraka. Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka askofu aandike barua ya kuomba kung'atuka akitimiza miaka 75, na Papa huamua kuipokea lini.

## Kuandika na kutamka

Wingi wake ni nini, na upatanisho wake ukoje?

*Maaskofu*. Kwa kuwa ni watu, upatanisho ni wa a-/wa-: *maaskofu wamefika*, si *yamefika*. Hivyohivyo *askofu huyu*, *maaskofu hawa*. Cheo ni *uaskofu*, na sifa ni *-a kiaskofu*, kama *pete ya kiaskofu*.

Kosa linalojitokeza sana ni wingi wa *askofu mkuu*. Ni *maaskofu wakuu*. "Maaskofu mkuu" nimekutana nalo hata kwenye kadi za mwaliko zilizochapwa kwa dhahabu.

Herufi kubwa hutumika jina la mtu likifuata (*Askofu Ignasi*) au katika jina la chombo (*Baraza la Maaskofu*). Kwingineko, herufi ndogo inatosha.

Nimwiteje nikikutana naye?

*Baba Askofu* ni salama karibu kila mahali. Katika maandishi rasmi Wakatoliki huandika *Mhashamu Askofu*, na kwa kardinali *Mwadhama*. Askofu akiwa mwanamke, uliza kanisa lake linasemaje. Desturi hazijawa moja.

## Yenye utata

Mbona kanisa letu halina askofu?

Kwa sababu waanzilishi wenu walizisoma zile aya za wazee na waangalizi (tazama swali la askofu na mzee hapo juu) wakaona hakuna ngazi ya tatu. Wapresbiteri huongozwa na mabaraza ya wazee. Wabaptisti huacha mamlaka kwa kila ushirika. Wengine walihifadhi kazi wakabadilisha jina, na hapa Kilatini kiliwasaidia.

Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alieleza katika kitabu cha 19 cha *Mji wa Mungu* kwamba uaskofu ni jina la kazi, si la heshima, na kwamba *episkopein* kwa Kilatini ingekuwa *superintendere*, kuangalia kutoka juu. Anayependa kuwa mbele bila kuwafaa watu, akasema, ajue kwamba yeye si askofu. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye Walutheri wa Ujerumani waliwaita waangalizi wao *superintendent*. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, naye, mwaka 1784, alipomtuma Thomas Coke kwenda Marekani, alimpa jina hilohilo. Wamethodisti wa kule wakaanza kusema *bishop*, na mwaka 1788 Wesley akamwandikia Francis Asbury, kiongozi wao, barua kali akimuuliza anathubutuje kukubali kuitwa hivyo. Kwa Kigiriki majina yote mawili ni neno moja. Wesley alikijua Kigiriki vizuri sana, kwa hiyo kilichomkera hakikuwa maana. Kilikuwa harufu ambayo neno lilikuwa limeshaipata.

Mtu anaweza kujitangaza askofu mwenyewe?

Kwa sheria za nchi, mara nyingi hakuna wa kumzuia. Jina halina hakimiliki. Kwa makanisa yanayoshikilia urithi wa mitume, haiwezekani: askofu huwekwa na maaskofu, ambao nao waliwekwa na maaskofu, mnyororo ukirudi nyuma. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste jina hutolewa na baraza au na kanisa mama, na pengine mwanzilishi hulichukua mwenyewe ushirika unapokua. Ukitaka kujua uzito wa jina, usiulize mavazi. Uliza ni nani aliyemweka na ni nani anayeweza kumwondoa.

Kuna askofu wa kweli lakini asiye halali?

Wakatoliki husema ndiyo. Wanatofautisha tendo lililotendeka kweli na tendo lililoruhusiwa. Tarehe 30 Juni 1988, huko Écône, Uswisi, Askofu Mkuu Marcel Lefebvre aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila kibali cha Papa. Roma ilitangaza kwamba yeye na hao wanne wametengwa na kanisa, lakini haikusema kwamba si maaskofu. Daraja ilishika, ruhusa ndiyo haikuwapo.

Wanawake wanaweza kuwa maaskofu?

Inategemea kanisa. Wakatoliki na Waorthodoksi hawakubali. Kwa Waanglikana, wa kwanza alikuwa Barbara Harris, Massachusetts, mwaka 1989. Kwa Walutheri, Maria Jepsen, Hamburg, mwaka 1992. Barani Afrika, Ellinah Wamukoya wa Eswatini alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana, mwaka 2012. Kiswahili kwa upande wake hakina taabu: *askofu* halina jinsia.

Kuna askofu asiye na jimbo?

Kwa Wakatoliki kila askofu lazima awe na mahali, hata pa jina tu. Askofu msaidizi, kwa mfano, hupewa mji wa kale ambao kanisa lake lilikwisha kutoweka. Henrique, mwana wa Mfalme Afonso I wa Kongo, alipoteuliwa kuwa askofu mwaka 1518, alipewa Utica, mji wa kale wa Afrika Kaskazini uliokuwa magofu. Angekuwa mwangalizi wa mahali pasipo na mtu wa kuangaliwa. Inachekesha kidogo, lakini sababu yake ni ya maana: neno linadai kitu cha kutazamwa, na kanisa halikutaka kulivunja hata pale Kongo ilipokuwa kwenye bahari moja na Utica kwenye nyingine.

Papa ni askofu? Na kardinali?

Papa ni askofu wa Roma, na hilo ndilo jina la kwanza la kazi yake. Akichaguliwa mtu ambaye si askofu, sheria inataka awekwe wakfu mara moja. Wa mwisho kuchaguliwa hivyo alikuwa Gregori XVI, Februari 1831.

Ukardinali si daraja. Ni cheo cha mshauri na mpiga kura. Tangu 1962 makardinali hutakiwa wawe maaskofu, lakini Papa anaweza kumsamehe mtu sharti hilo. Raniero Cantalamessa, Mfransisko Mkapuchini aliyekuwa mhubiri wa nyumba ya Papa, alifanywa kardinali mwaka 2020 akaomba abaki padri, akakubaliwa.

Askofu akifa, jimbo linakuwa la nani?

Kwa Wakatoliki kiti huhesabiwa kuwa wazi. Washauri wa jimbo humchagua msimamizi wa muda, au Roma humteua msimamizi wa kitume, na kanuni inayomfunga ni kwamba kiti kikiwa wazi hakuna jambo jipya la kubadilishwa. Anaendesha yaliyopo. Katika sala ya Ekaristi, mahali ambapo kila siku hutajwa jina la askofu wa jimbo, padri hupita bila jina. Waumini wengi hupata habari kwa njia hiyo: wanasikia sala ikiruka neno moja, wanatazamana.